Chagua Kitanda Kwanza: Likizo ya Ziwani Bila Gari Ukiwa na Mtoto Mdogo, Homa Bay na Migori

Wazazi wengi wenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huahirisha likizo ya ziwani kwa sababu moja tu: hawana gari. Wasiwasi wao unaeleweka. Mtoto wa umri huo hulala mchana, hula kila baada ya muda mfupi, hutapika njiani na huchoka ghafla, na gari la nyumbani huonekana kuwa dawa ya yote hayo. Mwongozo huu unashikilia msimamo mwingine. Kwa familia yenye mtoto mdogo, kinachoamua kama likizo itakuwa njema ni mahali mnapolala. Mahali hapo pakichaguliwa vizuri, gari hubaki bila kazi kubwa. Pakichaguliwa vibaya, hata mwenye gari atashinda barabarani akitafuta maziwa, kivuli na zahanati.

Ushahidi uko kwenye ratiba ya mtoto mwenyewe. Kando ya Ziwa Victoria, vipindi vinavyofaa kumtoa nje ni viwili: asubuhi baada ya uji hadi jua linapoanza kuchoma mnamo saa nne, na alasiri kuanzia saa kumi hadi kabla jua halijazama. Katikati kuna chakula, usingizi na joto. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi inameza kipindi kizima, na mtoto anafika huko ameshachoka. Kwa hiyo orodha ndefu ya vivutio, ambayo ndiyo humfanya mzazi aone kwamba lazima apate gari, haimfai mtoto hata kama gari lipo. Tazama pia sehemu ambazo zimezoea wageni wasio na magari. Kisiwa cha Hydra nchini Ugiriki kimepiga marufuku magari, na mji wa kale wa Lamu una vichochoro visivyopitisha gari, lakini familia huishi vizuri kote kuwili kwa sababu gati, vyakula na malazi vimekaribiana. Ukaribu huo ndio unaopaswa kuutafuta Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori.

Kipimo cha dakika kumi na tano

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, pima umbali kwa mwendo wa mtu mzima aliyembeba mtoto. Mambo matatu ya kwanza yawe ndani ya dakika kumi na tano. La nne linaweza kuwa mbali zaidi, mradi lifikike usiku.

1. Mahali pa kuchezea penye kivuli, palipo mbali na barabara na ukingo wa maji.
2. Chakula cha mtoto: duka la maziwa, ndizi na unga wa uji, au jiko la nyumba ya wageni linalokuruhusu kupika.
3. Steji au gati mtakaposhukia na kuondokea.
4. Kituo cha afya chenye kipimo cha malaria na mhudumu wa usiku.

Kipimo hiki kinaondoa sehemu nyingi nzuri za kutazama, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mandhari ya ziwa kutoka juu ya kilima hayamsaidii mzazi ambaye homa ya mtoto imepanda saa sita za usiku na bodaboda wote wamelala.

Sehemu tano zikipimwa

*Mji wa Homa Bay* unafaa familia inayosafiri na mtoto kwa mara ya kwanza. Matatu za Kisumu hupitia Kendu Bay au Oyugis, na za Nairobi hupitia Kisii na Rongo, kwa hiyo hulazimiki kupanda chombo majini kabisa. Soko, maduka ya dawa na hospitali ya rufaa ya kaunti viko mjini. Kasoro ni kelele za pikipiki, na gugumaji ambalo katika misimu fulani huifunika ghuba hadi maji hayaonekani. Uliza hali ya gugumaji wiki hiyo hiyo unayosafiri. Got Asego, kilima chenye ncha kinachoonekana kutoka mjini, ni kikali mno kwa miguu midogo. Mwache mtoto akitazame kutoka chini.

*Mbita na Rusinga* ndilo chaguo bora kwa walio wengi. Mbita iko karibu kilomita 40 kutoka Homa Bay, ina gati la feri na hospitali ya kaunti ndogo, na imeungana na kisiwa cha Rusinga kwa daraja lililochukua nafasi ya tuta la zamani lililoziba mkondo wa maji. Hapa mtoto anapata ya kutazama bila nauli yoyote. Asubuhi kina mama hutandaza omena (dagaa) juu ya nyavu kuukuu, huzigeuza kwa mikono ili zikauke pande zote, na huku wakiwafukuza ndege. Boti nazo hupita chini ya daraja zikirudi kutoka kuvua. Ukiwa Rusinga unaweza pia kufika Kamasengre, kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyezaliwa 1930 na kuuawa Julai 1969. Ni ziara fupi, na ufupi huo ndio unaomfaa mtoto.

*Mfangano* kuna utulivu zaidi na barabara chache, na makumbusho ya Abasuba yanahifadhi michoro ya kale ya miambani. Lakini kufika huko ni kwa maji, safari inaweza kuzidi saa moja kutoka Mbita, na usiku huwezi kutegemea chombo cha kukutoa. Nenda Mfangano ikiwa mtoto ameshavuka miaka miwili, hana pumu wala degedege, na umelala Mbita angalau usiku mmoja ukamwona yuko imara.

*Mji wa Migori* uko bara, kwenye barabara kuu ya Isebania inayopitisha malori mchana na usiku, hivyo haumfai mtoto kwa kukaa muda mrefu. Ni kituo kizuri cha kulala usiku mmoja kwa wanaotoka Tanzania kupitia mpaka wa Sirare, na kwa wanaotaka kuona Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyo kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji na iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zilipangwa bila udongo wala saruji na baadhi hufikia mita 4.2, kwa hiyo mtoto asipande wala kuchokoa mawe.

*Sori na Karungu*, ufukweni upande wa Migori, hutimiza sehemu ya kipimo: ziwa lipo na hospitali ya misheni ya St. Camillus ipo. Piga simu mapema kuulizia chumba, usifike jioni ukitegemea bahati.

Hatua saba za kuchagua

1. Chagua mwezi. Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Januari, Februari, na Julai hadi Septemba kwa kawaida huwa na mvua kidogo, barabara za udongo hupitika na ziwa hutulia asubuhi.
2. Chagua kambi moja, yaani mahali pamoja pa kulala, kwa likizo yote. Kuhama chumba katikati ya likizo kunavuruga usingizi wa mtoto na kukuongezea saa za barabarani.
3. Pigia simu nyumba mbili au tatu za wageni na uulize maswali yaliyo kwenye kisanduku hapa chini. Anayejibu kwa kusitasita, mwache.
4. Panga safari ya kwenda iishe kabla ya saa kumi jioni. Kama unatoka Nairobi, lala Kisumu au Kisii usiku mmoja. Treni ya Nairobi hadi Kisumu, iliyorejea Desemba 2021, humpa mtoto nafasi ya kunyoosha miguu. Hakikisha kwanza kama inasafiri na siku zake.
5. Chagua matembezi mawili tu ya mbali kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.
6. Tafuta nambari ya dereva wa teksi anayeaminika na nyumba ya wageni, kwa ajili ya dharura ya usiku. Mweleze mapema kwamba una mtoto.
7. Lipa sehemu ya pesa tu kabla ya kufika. Ukikuta chumba hakifai, uwe na uwezo wa kuondoka.

> Kisanduku: Maswali ya kuuliza kwa simu
> - Maji ya kuogea yanatoka wapi, na yanakaa kwenye tangi kwa muda gani?
> - Chandarua kinafunika kitanda chote, na madirisha yana wavu?
> - Kati ya mlango wa chumba na ziwa kuna ua au lango linalofungwa?
> - Naweza kuchemsha maji na kupika uji saa za alfajiri?
> - Umeme ukikatika usiku, kuna taa?
> - Hospitali iliyo karibu ni ipi, na tunafikaje saa nane za usiku?

Barabarani

Pingamizi kubwa dhidi ya likizo hii ni la usalama: matatu haina kiti cha mtoto, na mtoto hupakatwa. Pingamizi hili ni la kweli na halipaswi kupuuzwa. Saa mnazokaa kwenye matatu ndizo saa za hatari kuliko zote katika likizo nzima. Lakini jibu lake linazidi kuunga mkono hoja ya kambi moja. Familia inayokaa mahali pamoja hufanya safari mbili ndefu, ya kwenda na ya kurudi, wakati familia yenye gari huvutwa kuzunguka kila siku, leo Hifadhi ya Ruma, kesho Kendu Bay, keshokutwa Migori, na mara nyingi hurudi gizani. Anayetaka kupunguza hatari apunguze kwanza kilomita.

Kwa safari hizo mbili, fanya hivi. Lipia mtoto kiti chake. Kama una kiti cha gari cha mtoto, njoo nacho na ukifunge kwa mkanda baada ya kuhakikisha mkanda unashika. Kaa katikati ya gari, kamwe si kiti cha mbele. Usimzungushie mtoto mkanda uliojifunga wewe, kwa sababu gari likisimama ghafla uzito wako wote utamkandamiza. Kataa Probox zinazopakia watu hadi kwenye buti, hata kama ndizo zinazoondoka kwanza. Mwambie kondakta kabla ya kupanda kwamba utahitaji kusimama mara moja njiani, na mpe mtoto chakula chepesi ili asitapike.

Bodaboda ni suala jingine. Sheria ya Kenya inairuhusu pikipiki kubeba abiria mmoja, na mama na mtoto ni wawili. Helmeti ya ukubwa wa mtoto wa miaka miwili ni nadra kupatikana steji. Tumia tuktuk palipo nayo, tembea, au lipa teksi. Je, kulipa teksi siku moja kwenda Thimlich Ohinga hakuvunji maana ya likizo bila gari? Hapana. Lengo ni kutotegemea gari kila siku, na gharama ya siku moja ya teksi, mkigawana na familia nyingine, ni ndogo kuliko kukodi gari wiki nzima. Hifadhi ya Ruma, makao ya swala aina ya korongo waliosalia Kenya, nayo huhitaji gari na ina mbung'o wanaouma vibaya. Ngoja mtoto akue.

Majini

Ziwa kwa kawaida hutulia asubuhi. Mchana upepo hupanda, na alasiri ngurumo huweza kuja kwa haraka. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kusafiri asubuhi peke yake, na kanuni ya pili ni kuchagua chombo kikubwa kuliko vyote vilivyopo. Anayetoka upande wa Siaya anaweza kuvuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita, akaepuka kuzunguka ghuba nzima kwa barabara. Basi la maji ni chaguo la pili. Boti ya mbao yenye injini ni ya mwisho.

1. Njoo na jaketi la kuokolea la mtoto kutoka nyumbani. Yaliyo kwenye boti ni ya watu wazima.
2. Lijaribu kabla ya safari: mvike, funga kamba zote pamoja na ile inayopita katikati ya miguu, kisha liinue kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Akianguka majini atachomoka.
3. Mvike akiwa bado nchi kavu na asilivue hadi mshuke.
4. Usimfunge mtoto mgongoni au kifuani kwa leso ukiwa ndani ya boti. Chombo kikipinduka, hutaweza kumfungua. Mpakate huku jaketi lake likiwa huru.
5. Boti ikijaa kupita kiasi, au nahodha akikosa jaketi za abiria, shuka. Ngoja nyingine.

Ziwa la kutazama, si la kuogelea

Wapo watakaouliza: kama mtoto haingii majini, likizo ya ziwani ina maana gani? Jibu ni kwamba hatari ya kuingia ni kubwa na raha yake inaweza kupatikana kwa njia nyingine. Maji ya ufukweni yana konokono wadogo wanaotoa vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila maumivu, na watoto wengi wa kando ya ziwa wameambukizwa hivyo. Mamba na viboko nao wapo, na kiboko hutoka majini kula nyasi kuanzia machweo. Ndiyo maana mtoto aondoke ufukweni kabla jua halijazama.

Badala yake, weka karai chini ya mti na ulijaze maji salama. Mtoto wa miaka miwili atacheza na kikombe na karai kwa muda mrefu kama ambavyo angecheza ziwani, na wewe utakuwa karibu naye. Maji yaliyotoka ziwani moja kwa moja yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kisha yapozwe kabisa, au yawe yamekaa kwenye tangi siku mbili. Maji ya kunywa yachemshwe kila mara. Kama mtoto aliteleza akaingia ziwani, mfute haraka kwa taulo, lakini usitegemee taulo peke yake: mpeleke akapimwe wiki sita hadi nane baadaye na umweleze daktari alikuwa wapi. Kichocho hutibika.

Jua nalo linadanganya. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wake ni wa baridi, hivyo ngozi huungua kabla mzazi hajahisi joto. Kofia pana na shati la mikono mirefu hufanya kazi kuliko mafuta yanayofutika.

Kuhusu chakula, ziwa humlisha mtoto vizuri. Mbuta ina nyama nene na mifupa mikubwa inayoonekana, hivyo ndiyo samaki rahisi kumlisha mtoto. Ngege ni tamu lakini ina miiba myembamba. Ichambue kwa vidole, si kwa uma, ili uihisi.

Malaria

Hapa ndipo mzazi wa kutoka Nairobi, Nakuru au Nyeri anapaswa kusoma mara mbili. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima, na mtoto ambaye hajakulia huko hana kinga yoyote aliyojijengea. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya mwezi Septemba 2019 katika kaunti ya Homa Bay, na hutolewa kwa dozi nne kwa watoto wa kaunti zenye ugonjwa mwingi. Mtoto wa mgeni huenda hajaipata. Kisiwani Rusinga watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na wa Chuo Kikuu cha Wageningen walijaribu mitego ya mbu inayotumia nguvu za jua, na mbu wakapungua sana, lakini hata katika utafiti huo vyandarua havikuachwa. Usiviache nawe.

- Wiki mbili au zaidi kabla ya safari, mpeleke kliniki akapimwe uzito na uulize kama anafaa kupewa dawa ya kinga. Usimgawie dawa ya mtu mzima.
- Beba chandarua chako chenye dawa, hata ukiahidiwa kingine.
- Kuanzia saa kumi na mbili jioni, mvike suruali na mikono mirefu. Kwa dawa ya kupaka, soma umri ulioandikwa kwenye chupa.
- Joto likipanda, mpime malaria siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama litashuka.
- Homa ikija wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari kwamba mlikuwa ziwani.

Makosa yanayojirudia

- Kuchagua chumba kwa picha za ziwa bila kuuliza ua na ngazi.
- Kufika usiku, mtoto akiwa na njaa, na mji hamuujui.
- Kupanga Mfangano siku ya kwanza.
- Kupanda boti ya alasiri kwa sababu asubuhi mlichelewa. Mkichelewa, laleni mlipo.
- Kumvusha mtoto mpaka wa Sirare mkitegemea hati ya mzazi. Mtoto anahitaji hati yake.

Orodha ya kuhakiki kabla ya kutoka

☐ Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto
☐ Mtoto ameandikishwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024
☐ Chandarua, kipimajoto, ORS, dawa ya homa kwa uzito wake
☐ Jaketi la kuokolea lililojaribiwa
☐ Leso mbili za kumbebea nchi kavu na kumkinga jua
☐ Nepi na unga wa uji wa siku tatu za kwanza
☐ Karai jepesi na kikombe
☐ Tochi, na simu yenye nambari ya dereva na ya hospitali

Bado wapo watakaosema kwamba likizo ya namna hii ni ndogo mno: mji mmoja, daraja moja, ufukwe mmoja wa kutazama omena. Kwa mtu mzima huenda ni ndogo. Kwa mtoto anayekutana na boti, ndege na samaki kwa mara ya kwanza, vitu hivyo humtosha wiki nzima, na mzazi aliyelala vizuri karibu na hospitali na soko ana subira ya kumjibu kila anapouliza. Kwa hiyo leo usianze kwa kutafuta gari la kukodi. Piga simu Mbita au Homa Bay, uliza maswali sita yaliyo kwenye kisanduku, na uweke nafasi pale tu utakapopata majibu yote.